Boti Kubwa Hufuata Saa, Chombo Kidogo Hufuata Maji: Mwongozo Kamili wa Kuzunguka Visiwa vya Unguja na Pemba

Safari yangu ya kwanza ya kwenda Pemba peke yangu niliikosa nikiwa bado Mjini Unguja, na kosa lilikuwa langu. Tiketi ilikuwa imeandikwa 07:30. Mimi, mtoto niliyelelewa kwa saa za Kiswahili, nilisoma harakaharaka nikaona saba, nikapanga kufika bandarini saa sita na nusu mchana. Nafika Malindi, bandari ya Mjini, geti limefungwa, na hamali mmoja mzee amekaa juu ya rukwama lake anakunywa kahawa. "Boti ya Pemba? Hiyo saa hizi imeshateremsha watu bandarini Mkoani, mwanangu," akaniambia, wala hakucheka, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

Basi lijue hilo mapema: saa za tiketi ni za kizungu. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 16:00 ni saa kumi alasiri. Lakini kwa miaka niliyozunguka visiwa hivi, kwa shughuli na kwa matembezi, nimeona kosa la saa ni dogo. Kosa kubwa ni kudhani bahari yote inakwenda kwa saa. Boti kubwa ndiyo hufuata saa. Mashua ya kukupeleka visiwa vidogo kama Misali, Tumbatu au Kojani hufuata maji kujaa na kupwa, na maji hufuata mwezi. Watu wengi, wa bara na hata wa hapa hapa Mjini, hukata tiketi kwanza halafu ndipo wanauliza habari ya maji. Geuza: anza na upepo, uje kwenye mwezi, tiketi iwe ya tatu.

Upepo

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza Aprili hivi ikaenda mpaka Septemba, na hukaza Juni, Julai na Agosti, miezi ya kipupwe. Hewa inakuwa nzuri, jua halichomi, ila bahari ya wazi hupandisha mawimbi marefu na safari za boti za mbio huweza kuahirishwa. Usikasirike ukiambiwa leo hakuna boti. Kasirika ukiona bahari imechafuka na bado watu wanapakiwa.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inatawala Disemba mpaka Machi. Joto ni kali, asubuhi nyingi bahari imetulia. Lakini Januari ikikaza kuna jambo wasafiri hawaambiwi: mkondo mkubwa wa pwani yetu hupanda kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi inapovuma inakutana nao ana kwa ana, na mawimbi yanakuwa mafupi, ya kukatika, yale ya kuvunja kiuno. Ndiyo maana siku ambayo ufukweni unaona upepo wa kawaida tu, mabaharia wanaweza kukuambia huko nje hakufai. Wasikilize.

Baina ya pepo hizi mbili upo wakati ambao wazee wanauita tanga mbili, au maleleji, upepo hauna kauli moja na mara nyingi hauna nguvu. Na Oktoba hivi huja matlai, upepo laini wa kutoka mashariki. Safari ya visiwa vidogo mimi naipanga Oktoba au mwishoni mwa Februari. Aprili na Mei ni masika. Mvua ya masika ukiwa ndani ya ngalawa haina hadithi nzuri.

Mwezi

Hapa ndipo penye elimu, na elimu yenyewe imetundikwa ukutani kwenye kila nyumba: kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi mwandamo, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvu. Maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikafika kiasi cha mita 4. Kwetu, bamvu linapoanza, maji huwa yamekupwa kabisa mida ya saa nne na nusu asubuhi, na yamejaa mida ya saa kumi na nusu alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hivyo tarehe 4 ya mwezi maji kupwa yameshasogea mpaka mida ya saa saba mchana. Ikifika tarehe 8 au 22 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na mida ya saa nne asubuhi huyakuta yamejaa.

Hiyo ni hesabu ya kupangia safari, si ya kuendeshea chombo. Nahodha ana yake. Lakini ukiwa nayo kichwani utajua siku gani uende wapi, maana visiwa havitaki maji ya aina moja. Fungu la mchanga la Nakupenda, lile lililo mbele ya Mji, linataka maji yapwe, kwa hiyo lipeleke siku za bamvu asubuhi. Ukienda yamejaa utakuta kipande cha mchanga na watu wamebanana kama kuku tengani. Kuogelea juu ya matumbawe kunataka maji mafu, mkondo unakuwa mpole na maji hayana vumbi. Na kijiji chochote ambacho njia yake ni kijito ndani ya mikoko kinataka maji yaliyojaa, la sivyo utashuka kilomita nzima kabla ya nchi kavu na kutembea kwenye tope, viatu mkononi.

Somo hili nililipata kisiwa cha Uzi. Miaka hiyo, kabla ya habari ya daraja, kisiwa kilikuwa na njia moja: mawe yaliyopangwa katikati ya mikoko kutoka Unguja Ukuu. Maji yakipwa gari inapita, yakijaa njia haipo. Nilikwenda siku ya tarehe 16 ya mwezi mwandamo, nikala wali wa samaki kwenye nyumba ya watu, nikaongeza na usingizi. Tulipofika ukingoni alasiri maji yalikuwa yanaingia kimya, hayana wimbi wala sauti. Ulichokiona ni majani makavu ya mikoko yakielea yakipita baina ya mizizi, yote upande mmoja, kama watu wanaokwenda sokoni. Dereva akashuka, akakunja suruali, akatembea hatua kama thelathini akiyapima kwa miguu yake mwenyewe. Yalipomfika magotini akageuka. Akazima gari, akatoa mkeka chini ya kiti. "Mpaka baada ya isha," akasema, akalala.

Tiketi na bandari

Boti za abiria zina njia chache. Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, ni safari kadhaa kwa siku, na boti ya mbio huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Malindi hadi Mkoani, Pemba, si kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo iulize wiki ile ile unayosafiri, usitegemee alichokuambia binamu yako wa mwaka jana. Ziko pia meli kubwa zinazobeba magari na mizigo. Hizi huenda polepole, na ile ya usiku hung'oa nanga Unguja ukalala njiani ukafika Pemba alfajiri. Kutoka Tanga nako huwa na chombo cha kwenda Pemba, lakini ni mara chache, na mtu wa haraka asikiwekee moyo.

Azam Marine na Zan Fast Ferries ndiyo majina utakayoyaona zaidi kwenye boti za mbio. Kata tiketi kwenye dirisha la kampuni yenyewe au mtandaoni kwao. Nje ya geti, Dar na Malindi pia, utawakuta papasi, wale vijana wanaokung'ang'ania kama jina lao linavyosema, kila mmoja ana "tiketi ya mwisho". Hakuna tiketi ya mwisho. Ikiwapo, ipo dirishani. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na kitambulisho ukiweke mfukoni, usikizike ndani ya begi, maana utakitoa kwenye kukata, kwenye kuingia na ukitoka bara utakitoa tena ukiteremka Unguja. Mtanzania hulipa nauli ya chini kuliko mgeni wa nje. Bila kitambulisho utalipishwa ya mgeni au utarudishwa.

Fika saa moja kabla. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, na foleni ya kuelekea Idi ni nyingine kabisa: siku tatu nne kabla ya sikukuu Wapemba wote wa Unguja wanarudi kwao, na viti vya boti ya Mkoani huisha mapema. Begi kubwa litakwenda kwenye sehemu ya mizigo. Tia alama, kitambaa chekundu au kipande cha kanga, maana mabegi meusi ya magurudumu yako mia. Na mifuko ya plastiki ya kubebea iache nyumbani. Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006, kabla ya bara.

Ndani ya boti

Kutoka Dar kwenda Unguja, kiti chochote kinatosha siku ya shwari. Kwenda Pemba, chagua. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakipandi na kushuka sana. Vijana hukimbilia mbele juu kwa ajili ya picha, ndio wanaokuwa wa kwanza kuomba mfuko. Chukua kikoi au kanga ya kujifunika, kwani ubaridi wa kiyoyozi ndani ni wa kugandisha samaki.

Saa ya kwanza utaona pwani ya Unguja kulia kwako na bahari imelala. Tumbatu inapita, mnara wa taa wa Nungwi unapita, halafu kinga ya kisiwa inaisha. Hapo ndipo panapoitwa mkondo wa Nungwi. Upande wa Unguja bahari ni ya kina kifupi, imekaa juu ya bamba moja na bara. Pemba imetengwa na bara kwa mlango wenye kina cha zaidi ya mita 800. Maji mengi yanayopita kwa kasi, na upepo usiozuiwa na kitu, ndivyo vinavyoinua boti. Utajua mmefika bila kuchungulia dirishani: mazungumzo yanakatika, mtoto mmoja analia, na mhudumu anaanza kupita akigawa mifuko ya kutapikia, hasemi neno.

Dawa ya kigegezi kwa wenyewe ni ndimu. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alitoa ndimu kwenye mkoba, akaikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akawa anainusa, macho kafumba, tasbihi mkono wa pili. Alipoiona hali yangu akaikata kwa meno akanipa nusu. "Nusa, usile. Na uache kutazama simu, baba." Nikaacha simu, na kweli moyo ukatulia. Vidonge vya duka la dawa vinafaa pia ila vinywewe nusu saa kabla ya kupanda, si Nungwi. Kula kitu chepesi asubuhi, boflo na chai ya rangi. Tumbo tupu linatapika vibaya kuliko lililokula, na lililokula urojo linatapika vibaya kuliko yote.

Kuna jambo moja zito. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kwenye maji haya haya ya Nungwi ikienda Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Haikupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ikitoka Dar ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina jina la mtu wa siku hizo. Kwa hiyo ukipanda ukakuta watu wamekaa njiani na juu ya mizigo, shuka. Nauli itakuuma wiki moja. Ukikaa, tazama maboya ya kuokolea yako wapi na mlango wa karibu ni upi, kabla boti haijatoka.

Visiwa vya mbele ya Mji

Hivi havihitaji siku nyingi. Boti hukodiwa ufukweni karibu na Mtini na Forodhani. Changuu ndicho kinachotembelewa zaidi, ni kama nusu saa kwa mashine. Gereza lilijengwa pale miaka ya 1890 lakini halikufungwa wafungwa. Likageuzwa karantini ya wagonjwa wanaoshuka melini. Kobe wakubwa unaowaona asili yao ni Shelisheli, waliletwa zawadi mwaka 1919. Usiwapande. Nalisema kwa sababu nimeona watu wazima wakiwapanda.

Chapwani kina makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa HMS Pegasus, manowari iliyopigwa na Wajerumani mbele ya Mji Septemba 1914. Bawe ni ya hoteli. Chumbe ni habari nyingine: ni hifadhi tangu 1994, matumbawe yake hayajaguswa na wavuvi kwa miaka mingi, na huwezi kwenda ukagonga mlango. Unaomba nafasi mapema, unapokelewa Mbweni. Gharama ni kubwa kwa mfuko wa kawaida. Kama unao uwezo wa kulipa mara moja tu katika safari nzima, lipa hapo.

Mnemba, kaskazini mashariki, ni ya kutazama majini tu. Kisiwa chenyewe kimekodishwa hoteli, watu huogelea kandokando.

Tumbatu ndiko watu wasikofika, na ndiko ningekupeleka. Daladala mpaka Mkokotoni, kutoka hapo mashua za wenyeji. Kisiwa kina magofu ya mji wa kale huko Makutani na watu wenye lafudhi yao wanayoijivunia. Si mahali pa watalii. Vaa heshima, ukishuka ulizia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, msalimie, mwambie umekuja kutembea. Dakika kumi hizo zitakufungulia kila mlango. Ukizipuuza, utatembea kisiwa kizima ukitazamwa kimya.

Kukodi chombo

Nilikuwa Wesha, bandari ndogo ya Chake Chake, mji mkuu wa Pemba, nikitaka Misali.

"Asalaam aleikum, nahodha."

"Waaleikum salaam. Mko wangapi?"

"Wanne. Kwenda na kurudi."

Hakutaja bei. Alitazama kusini, akatazama miti, akamuuliza kijana wake kitu kwa Kipemba cha haraka. "Tutatoka saa mbili, tutarudi saa nane. Saa tisa mimi sipo tena huko." Hapo nilijua nimepata nahodha. Anayekwambia "mtarudi mkitaka" anauza, haendeshi.

Saa ya kurudi aiseme yeye. Bei mkubaliane ni ya chombo kizima au ya kichwa, mafuta yamo au hayamo, kungoja kumo au hakumo, na ada ya hifadhi analipa nani. Hilo la ada ndilo linalozua ugomvi ufukweni. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi. Kisha tazama chombo chenyewe: maboya yawe sawa na idadi ya vichwa, si mawili ya maonyesho. Mashine ikigoma kuna nini, tanga au makasia? Kuna upo wa kukumbia maji? Simu yake ina chaji? Hamtukani mtu kwa kuuliza. Nahodha mzuri hufurahi. Na Ijumaa usitegemee chombo kutoka baina ya saa sita na saa nane, watu wako msikitini, nawe kama ni wa huko uko nao.

Pemba

Ukishuka Mkoani utakutana na mlima mara tu ukitoka getini. Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, na pwani yake imekatwakatwa kwa vijito. Kiurefu ni kama kilomita 67 tu lakini hupaswi kuipa chini ya siku nne. Daladala zinangoja nje ya bandari. Chake iko kiasi cha kilomita 30, Wete kiasi hicho tena kutoka Chake. Fedha taslimu zitoe Chake, kwenye visiwa vidogo hata pesa za simu zina siku zake.

Kama umefika na meli ya alfajiri usikimbilie Chake. Mbele ya Mkoani kuna Makoongwe, vyombo vinavuka na kurudi kubeba watu wa kawaida wanaokwenda kazini na sokoni. Vuka nao kwa nauli yao, kunywa chai huko, rudi. Ni safari ya visiwa iliyo rahisi kuliko zote na hakuna atakayekuuzia kinyago.

Misali ni siku nzima. Hadithi ya wenyeji ni kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Kimehifadhiwa tangu 1998, na wavuvi bado wana sehemu zao za kupiga dago, yaani kambi za uvuvi. Kasa hutaga kwenye fukwe za magharibi, mapango ya ndani yana heshima zake, usiingie bila mwongozaji. Maji ya kunywa na chakula bebeni nyinyi. Ukipanga vizuri na nahodha, na maji yakiruhusu, wakati wa kurudi mpitie Ras Mkumbuu: kuna gofu la msikiti na makaburi ya minara, na kwa bahari ni rahisi kufika kuliko kwa barabara.

Wete ndiyo kituo cha kaskazini. Ng'ambo ya kijito iko Mtambwe Mkuu, kijiji kitulivu ambacho hutadhani kiliwahi kuwa mji. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, za karne ya 11 hivi, zenye majina ya watawala wa hapa hapa. Hapo maji yakipwa sana watu huvuka kwa miguu, yakijaa ni mtumbwi. Nenda na mwenyeji kwa vyovyote, tope lina mashimo. Fundo nayo inafikika kwa mashua za abiria kutoka Wete, ila uulize mapema chombo cha kurudi, kwa sababu nyingi hutoka kisiwani asubuhi na kurudi mchana, kinyume na unavyotaka wewe.

Kojani, upande wa mashariki, kivuko chake ni kifupi mno, pumzi mbili tatu tu za mashine. Kisiwa ni kidogo, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Wanaume wake ni wavuvi wa dago, wanaondoka miezi kadhaa kufuata samaki mpaka Mafia na pwani ya Kenya. Ukifika wakati wa dago utakutana na kijiji cha wanawake, watoto na wazee. Ukifika wanaporudi utashindwa kupita njiani. Nilikaa barazani na mzee mmoja anayeshona nyavu. Nikamuuliza kisiwa kina watu wangapi. "Leo au bahari ikichafuka?" akanijibu, wala hakuinua macho kwenye sindano.

Mwisho wa kaskazini, kupitia Konde, kuna msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliosimamishwa mwaka 1900. Huko ni nchi kavu, bodaboda itakufikisha. Njiani, kama ni msimu, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara na harufu inaingia ndani ya daladala mpaka kwenye nguo. Dereva huzikwepa kama anavyomkwepa mtoto.

Ukija Ramadhani, ujue mchana hakuna mkahawa wala kula hadharani, na vyombo vidogo hupungua. Lakini futari ya Pemba ukialikwa usikatae.

Kurudi

Acha siku moja tupu mwishoni. Kama una ndege Unguja au kazi Dar Jumatatu, usipange boti ya Jumapili kutoka Mkoani. Boti ikiahirishwa kwa upepo hakuna wa kumlaumu. Lala Mkoani usiku wa mwisho, si Wete, maana boti huondoka asubuhi mapema na daladala ya kwanza inaweza kungoja ijae.

Halua nunua Wete, iliyofungwa kwenye vikapu vya ukili, haimwagiki na haiharibiki njiani. Karafuu ni tofauti. Biashara yake iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo yanafuatiliwa bandarini. Pale Mkoani ukifuatwa na mtu, hata mwenye sura ya huruma, akikuomba umbebee kifurushi kidogo mpaka Malindi "ndugu yangu atakupokea", mwambie humjui, uende zako.